Begi la Kuwindia la Dola 700: Unalipia Nini Hasa?

Swali letu ni kama begi la mgongoni la kuwindia, linalouzwa dola 500 hadi 800 huko magharibi mwa Marekani, linastahili bei hiyo. Ukizigeuza dola 650 ziwe fedha za kwetu, unapata zaidi ya shilingi 80,000 za Kenya, au zaidi ya milioni moja na nusu za Tanzania, na zote zinakwenda kwenye begi moja. Huenda ukadhani jambo hili halituhusu. Lakini wapo ndugu zetu wenye asili ya Kongo wanaoishi Boise katika jimbo la Idaho na Missoula katika jimbo la Montana, miji iliyopokea familia nyingi za wakimbizi, na huko kuwinda msimu wa vuli ni njia ya kawaida ya kujaza friza. Mtu akishamaliza mafunzo ya usalama wa uwindaji na kukata leseni, swali la begi linamfuata pale pale, na dukani kila muuzaji ana jibu lake. Mimi nina hoja moja: thamani ya begi hili hupimwa kwa mzigo wa kurudi, wala haipimwi kwa mzigo wa kwenda. Anayebeba nyama mgongoni, mbali na barabara, mwaka hadi mwaka, pesa yake haijapotea. Asiyefanya hivyo atanunua kitu asichokihitaji, hata kiwe kizuri namna gani.

Tuanze na uwindaji wenyewe, maana picha iliyo vichwani mwetu ni nyingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Nchini Tanzania uwindaji wa kitalii upo kisheria, lakini mgeni hufuatana na mwindaji bingwa, wafuata nyayo na gari. Mnyama akianguka, gari husogezwa na nyama ikapakiwa. Katika misitu ya umma ya Idaho, Montana na Colorado, mwindaji wa kawaida huenda kwa miguu, peke yake au na mwenzake mmoja. Anayemtafuta zaidi ni elki, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi. Dume lake lina uzito wa kilo 320 hivi, kwa hiyo linampita tandala mkubwa wa kwetu, na jike ni kilo 225 hivi. Ukishamchuna dume huyo, ukaondoa matumbo na mifupa, unabaki na nyama tupu ya kilo 90 au zaidi. Tena elki hapendi kukaa karibu na barabara. Utafiti wa miaka mingi katika msitu wa Starkey, kaskazini mashariki mwa Oregon, ulioanza mwaka 1989, umeonyesha kwamba wanyama hawa huziepuka barabara zinazopitiwa na magari. Kwa sababu hiyo, ukimpata, mara nyingi utampata bondeni, kilomita kadhaa kutoka ulipoegesha gari, na njia ya kurudi ni ya kupanda.

Kilo hizo 90 huwezi kuziacha huko. Sheria ya Idaho inamtaka mwindaji atoe porini mapaja ya nyuma, miguu ya mbele na nyama ya uti wa mgongo. Alaska ni kali zaidi: anayeiacha nyama ya mnyama mkubwa ipotee bure anakabiliwa na kifungo kisichopungua siku 7 na faini isiyopungua dola 2,500, na kwa jumla pembe haziruhusiwi kutangulia nyama kutoka porini. Naziunga mkono sheria hizi kwa moyo wote. Anayeua mnyama ameingia deni, na deni hilo hulipwa kwa kuifikisha nyama yote mezani. Tena deni hilo lina saa yake. Mwezi Septemba, wakati wa msimu wa kuwinda kwa upinde, joto la mchana linaweza kupita nyuzi 20. Paja la nyuma la elki ni nene mno, na likichelewa kupoa huanza kuoza kwa ndani, karibu na mfupa, mahali ambapo jicho halifiki. Mwindaji anayejali huchuna haraka, hutia nyama katika mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, huitundika kivulini, kisha huanza kubeba. Ndiyo maana nasema begi hili haliwezi kuhukumiwa kwa jinsi linavyobeba chupa ya maji na koti asubuhi. Begi lolote linaweza kazi hiyo.

Sasa begi la bei kubwa linafanya nini ambacho la bei ndogo haliwezi? Kwanza tukubaliane kwamba hakuna begi linalopunguza uzito wa nyama hata kwa gramu moja. Linachoweza ni kuamua uzito huo ukae wapi mwilini. Chini ya mfupa wa mtulinga hupita mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Mkanda wa begi ukiikandamiza kwa saa nyingi, mkono hufa ganzi, na wakati mwingine hupoteza nguvu kwa majuma kadhaa. Madaktari wa jeshi wanaufahamu vizuri ugonjwa huu, na uchunguzi uliofanywa kwa askari wa Marekani ulionyesha kwamba waliobeba mabegi yasiyo na fremu wala mkanda wa kiunoni waliupata mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Nyonga, kwa upande wake, ni mfupa mpana unaobeba kiwiliwili chote kila siku. Mwaka 1952, Dick Kelty wa California alianza kutengeneza mabegi yenye fremu ya alumini, na jina lake limefungamana na kuenea kwa mkanda unaoufikisha mzigo kwenye nyonga. Mwaka 2004 watafiti LaFiandra na Harman walipima nguvu hizo kwa vyombo, wakakuta kwamba begi la fremu lenye mkanda lilihamishia asilimia 30 hivi ya uzito kwenye sehemu ya chini ya mgongo. Kwa mzigo wa kilo 30, hizo ni kilo 9 zilizotoka mabegani.

Fremu na mkanda basi ndivyo vinavyostahili pesa. Fremu laini hujikunja mzigo unapozidi kiasi chake. Ikishajikunja, mkanda huteleza chini ya nyonga na kilo zote zinarudi mabegani. Fremu nzuri husimama wima hata ikiwa na paja zima la elki, na hupanda juu kidogo ya mabega ili vikanda vya juu viweze kuuvuta mzigo karibu na mgongo. Mkanda mzuri una kiini kigumu kisichojikunja na umbo linaloufuata mfupa. Baina ya fremu na mfuko kuna nafasi, wawindaji huiita rafu ya nyama: mfuko hufunguliwa, nyama hukaa katikati, kisha mikanda huikaza. Rafu hii ina maana kubwa, kwa sababu nyama isiyo na mfupa ni laini na hushuka chini kama unga kwenye kiroba kilichojaa nusu. Ikishuka, uzito unakuvuta nyuma, nawe unatembea umeinama. Rafu inaishika juu, kati ya mabega, ikikugusa mgongo. Vilevile inazuia damu isiloweshe nguo na blanketi zilizo ndani ya mfuko.

Vingine vingi vinavyopandisha bei havina ushahidi wa namna hiyo. Rangi za majani na magome hazibebi kitu. Mifuko kumi na miwili ya zipu ni zipu kumi na mbili zinazoweza kuharibika. Fremu ya nyuzi za kaboni ni nyepesi kuliko ya alumini, lakini begi zito na begi jepesi la aina hii hutofautiana kwa kilo moja au zaidi kidogo, na kilo moja haina uzito wa hoja mbele ya kilo 30 za nyama. Halafu kuna jina. Mystery Ranch, iliyoanzishwa Bozeman, Montana, mwaka 2000, ilijijengea sifa kwa mabegi ya wazima moto wa misituni na askari. Mwaka 2024 ilinunuliwa na YETI, kampuni inayojulikana zaidi kwa vyombo vya kuhifadhia baridi. Stone Glacier, nayo ya Bozeman, ilinunuliwa mwaka 2022 na Vista Outdoor. Sisemi kwamba ubora umeshuka. Nasema jina linaweza kubadili mwenye mali wakati nembo imebaki ile ile, hivyo anayelipa anapaswa kuchunguza begi lililo mbele yake, mshono kwa mshono, bila kutegemea sifa za begi alilobeba mtu mwingine miaka 15 iliyopita.

Wapo watakaonipinga kwa hoja nzito. Watasema mama zetu wamebeba kuni, maji na mavuno tangu zamani bila fremu ya alumini, kwa hiyo haya yote ni ujanja wa wafanyabiashara. Hoja hii inastahili jibu la heshima, kwa sababu sayansi iliipima. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, uliowapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba ipitayo kwenye paji la uso. Wanawake hao walibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika. Mwaka 2005 watafiti wengine waliwapima wapagazi wa Nepali, wakakuta wanaume wakibeba, kwa wastani, asilimia 93 ya uzito wao kwa kikapu na mkanda wa kichwani. Kwa hiyo ni kweli kwamba kifaa cha bei ndogo kinaweza kushinda cha bei kubwa. Lakini tazama nani alikuwa amekibeba: watu waliojenga shingo, mgongo na mwendo kwa mazoezi ya miaka, wengi tangu utotoni. Utafiti wa mwaka 2010 kule Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo kwa wabebaji wote. Tofauti baina ya mtu na mtu ilikuwa kubwa. Anayekaa kwenye kiti cha ofisi au kwenye usukani miezi 11 hawezi kununua shingo ya mpagazi. Fremu inamsaidia kuziba sehemu ya pengo hilo. Pengo lililobaki ataliziba kwa miguu yake mwenyewe, kwa kupanda vilima akiwa na mzigo miezi kadhaa kabla ya msimu, na mazoezi hayo hayauzwi dukani.

Wengine watasema: beba kidogo kidogo, nenda mara nyingi, begi la dola 100 litatosha. Tuipige hesabu. Chukua mahali palipo kilomita 5 kutoka kwenye gari, na nyama ya kilo 90. Ukibeba kilo 30 kila safari, utatoa mizigo mitatu na kurudi mtupu mara mbili, jumla kilomita 25. Ukipunguza mzigo hadi kilo 22 na nusu, mizigo inakuwa minne na njia inakuwa kilomita 35. Kilomita 10 za ziada mlimani ni nusu siku, na nusu siku ya Septemba ni muda mrefu kwa nyama iliyobaki mtini. Lakini hesabu hii ina upande wa pili, na lazima nao usemwe. Mwongozo wa jeshi la Marekani wa mwaka 1990 uliweka kiwango cha mzigo wa safari kisichozidi asilimia 45 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo 36. Kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 27. Begi imara linaweza kushika kilo 60 bila kulalamika, lakini goti la aliyelibeba halina fremu ya alumini. Anayenunua begi kubwa ili abebe kupita uwezo wake amelipia jeraha. Faida ya kweli ni kubeba kiasi chako halali kwa saa nyingi bila kuumia mabega, na kuweza kurudi kuchukua kingine.

Tuje kwenye pesa zenyewe. Begi la dola 650 likidumu miaka 10, linakugharimu dola 65 kwa mwaka. Mwindaji anayetoka jimbo jingine hulipa zaidi ya dola 700 kwa leseni ya elki ya Colorado, na zaidi ya dola 1,000 kwa leseni ya pamoja ya elki na kulungu ya Montana, msimu mmoja tu. Kwake begi ni gharama ndogo kuliko ya karatasi aliyoitia mfukoni. Mkazi wa Idaho analipa makumi ya dola tu, hivyo kwake begi ndilo litakuwa gharama kubwa kupita zote baada ya bunduki na gari. Upande wa mapato, kilo 90 za nyama, ukizilinganisha na nyama ya ng'ombe ya kusaga inayouzwa Marekani zaidi ya dola 10 kwa kilo, zinavuka dola 900. Hesabu hiyo inapendeza hadi ukumbuke kwamba katika majimbo mengi, wengi wa wanaowinda elki humaliza msimu mikono mitupu. Anayeanza leo anaweza kukaa miaka mitatu au minne kabla ya kubeba paja la kwanza. Kwa hiyo sikubaliani na wanaomshauri mgeni anunue begi bora mwanzoni kabisa eti asije akanunua mara mbili. Kabla hujajua kama utaendelea kuwinda, wapi na mbali kiasi gani, hujui unachokinunua.

Kwa mtu huyo zipo njia za kati, nazo hazina aibu. Akianza na kulungu wa kawaida karibu na barabara, nyama yake hutoka kwa mzigo mmoja au miwili, na begi lolote lenye mkanda wa kweli wa kiunoni litamtosha. Fremu za jeshi la Marekani za aina ya ALICE, zilizoanza kutumika miaka ya 1970, bado zinauzwa kwa bei ndogo. Ni nzito na mkanda wake si wa starehe, lakini zinashika mzigo. Kampuni kadhaa huuza fremu peke yake bila mfuko, na fremu ndiyo yenye kazi. Soko la mtumba nalo ni zuri, kwa sababu wapo wengi walionunua mabegi ya dola 700, wakaenda porini mara mbili, wakayatundika. Kagua mambo manne: fremu isiwe imepinda, mishono ya mikanda isiwe imelegea, klipu zote zifunge, na kiini cha mkanda wa kiunoni kisiwe kimelainika. Na kama una mwenzako wa kuwinda naye, au mwenye farasi wa kukodi yuko karibu na bei yake inalipika, begi linashuka cheo. Farasi mmoja anabeba kwa safari moja kile ambacho fremu bora itakibeba kwa safari mbili au tatu.

Ukiwa tayari kununua, usilihukumu begi likiwa tupu, maana begi tupu huwa la starehe daima. Nenda na madumu mawili ya lita 10 yaliyojaa maji. Hizo ni kilo 20 kamili, na muuzaji mwenye nia njema hatakukatalia. Kabla ya hapo pima urefu wa mgongo wako, kuanzia mfupa unaochomoza chini ya shingo hadi usawa wa sehemu ya juu ya mifupa ya nyonga, kwa sababu fremu huchaguliwa kwa kipimo hicho na si kwa urefu wa mtu. Lijaze, livae, uweke katikati ya mkanda juu ya mfupa wa nyonga, ukaze. Halafu legeza mikanda ya mabegani na upenyeze vidole kati ya mkanda na bega. Vikipita kwa urahisi, nyonga imeupokea mzigo. Panda na kushuka ngazi kwa nusu saa. Mkanda ukianza kuteleza, ukajikuta unauinua kila baada ya hatua chache, begi hilo halikufai hata lingekuwa ghali kuliko yote dukani. Likitulia, bei yake umeanza kuielewa kwa mwili, na mwili ni shahidi bora kuliko karatasi ya matangazo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndiyo sababu ushauri wa mtu asiyeujua mzigo wako hauwezi kukuamulia, uwe wa muuzaji au wa rafiki. Jiulize unawinda mnyama gani, mbali kiasi gani na gari, na ni misimu mingapi umekwisha kubeba nyama mgongoni. Ikiwa jibu ni elki, kilomita nyingi, na umesharudi na nyama zaidi ya mara moja, nunua fremu na mkanda bora unaoweza kuulipia, kwa sababu utalipa deni la mnyama kwa wakati na mabega yako yatabaki mazima kwa msimu ujao. Ikiwa jibu ni jingine, pesa hiyo itafanya kazi zaidi kwenye viatu imara, mafuta ya gari ya kukufikisha porini mara nyingi zaidi, na mifuko safi ya nyama. Begi litakungoja, madukani mabegi hayaishi.